Rangi ya kuua viini: mwanga gani?

Mhariri,

Kabla hatujachanga kwa ajili ya ile rangi inayosemwa inaua viini yenyewe ikipata mwanga, naomba muuzaji aulizwe: mwanga gani? Mimi ni fundi wa chokaa hapa Langoni, na muuzaji huyo anataka kuipaka chooni na penye birika la udhu msikitini kwetu.

Rangi yenyewe si uongo. Ndani yake mna dioksidi ya titaniamu, ungaunga mweupe uleule wa rangi za kawaida. Wajapani Fujishima na Honda walionyesha mwaka 1972 kwamba ikimulikwa hutenganisha maji. Ikiwa ukutani, unyevu na hewa inayoigusa hugeuka kemikali kali za oksijeni zinazotoboa ngozi ya bakteria. Hata mchanga wa titaniamu si mgeni Pwani. Kwale ulichimbwa hadi Desemba 2024.

Lakini dioksidi hiyo ikiwa tupu huamshwa na urujuanimno, mwanga usioonekana wa mawimbi mafupi ya chini ya nanomita 390 hivi. Jua linayo. Balbu za LED tunazofunga siku hizi karibu hazina kabisa. Na nyumba za Lamu mwazijua: kuta nene za matumbawe, vidirisha, vichochoro ambamo punda wawili hupishana kwa taabu. Choo chetu saa sita mchana chahitaji taa. Humo rangi hiyo italala tu.

Zipo zilizotiwa naitrojeni au shaba zipate kufanya kazi kwa mwanga wa kawaida. Kama ni hizo, alete karatasi ya vipimo: zilipimwa chini ya taa gani, kwa muda wa saa ngapi? Maana haziui papo hapo, na kitasa cha mlango hushikwa na mtu baada ya mtu bila kusubiri. Tena uchafu ukitanda juu yake, mwanga haufiki. Chumvi ya bahari na mafuta ya nywele za watoto wanaoegemea kuta nimevikwangua sana. Kusugua kuko palepale.

Mtasema natetea chokaa yangu. Kidogo, ndiyo. Chokaa mbichi nayo huua viini kwa ukali wake, ila ikishakauka na kukaa ukali huo huisha, na sijamwahidi mtu zaidi ya hapo.

Kamati ya msikiti imwambie muuzaji apake mlango mmoja wa choo, chini ya taa ileile, kisha maabara ipime huo na usiopakwa. Akikataa, pesa hizo zinunue tangi na sabuni.

Fundi wa chokaa,
Langoni, Lamu