Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama wenzangu wa chama chetu cha wagonjwa wa baridi yabisi,

Hesabu atazisoma mhazini, nami sitamwingilia. Niseme tu kwamba ada zimeingia kwa kusuasua, na kikao cha Juni kiliahirishwa kwa kukosa akidi.

Kilichotushughulisha zaidi mwaka huu ni hizi dawa za "kuongeza kinga". Mwezi wa tatu mwenzetu mmoja alifika kwangu na mfuko wa unga wa kuongeza kinga. Methotreksati, dawa yake ya baridi yabisi, alikuwa ameiacha wiki sita. Nikamwambia ajimiminie chai. Akaikumbatia chupa kifuani, akakizungusha kifuniko kwa viganja, maana vidole havikunji, kikamshinda. Ndipo nikaomba somo letu la tarehe 12 Oktoba, Siku ya Baridi Yabisi Duniani, lihusu askari waliomo ndani ya viungo vyetu.

Kinga yetu haina upungufu, ndugu zangu. Tatizo ni kwamba inampiga mwenye nyumba, yaani inashambulia viungo vyetu wenyewe. Kati ya seli nyeupe za damu wapo wauaji, hasa seli T za CD8. Kazi yao halali ni kuiua seli iliyoingiliwa na virusi: wanaitoboa kwa protini iitwayo perforini, wanapenyeza nyingine iitwayo granzaimu B, na seli hiyo inajifia. Kwa miaka mingi wataalamu wa baridi yabisi hawakuwajali sana, kwa kuwa jeni inayohusishwa zaidi na ugonjwa huu, HLA-DRB1, inashirikiana na seli T za kundi jingine, CD4. Lakini utando wa viungo vya wagonjwa ulipochunguzwa seli moja moja, CD8 walikutwa wamejazana humo, na wengi wao wamebeba granzaimu K, ndugu yake granzaimu B.

Hapo nilikaa sawasawa kwenye kiti. Mwaka huu watafiti wa Boston wameeleza katika jarida la Nature kwamba granzaimu K huwasha komplementi, ule mnyororo wa protini za damu unaosaidia kupambana na vijidudu na unaoleta uvimbe. Yaani askari huyu, hata asipoua, anazunguka na kiberiti. Kuni nazo anazikuta humo humo, kwa sababu seli za utando wa kiungo hutengeneza baadhi ya protini hizo. Sasa mtu anayetaka kumwongezea nguvu kwa unga wa mfukoni anataka nini hasa?

Mzee mmoja aliuliza kama ipo dawa ya kumnyang'anya kiberiti, yaani ya kuizuia granzaimu K. Bado haipo iliyoidhinishwa kwa ugonjwa wetu. Zilizopo ni zile tunazozijua, na zile sindano za kuzuia TNF, protini ya mwili inayochochea uvimbe, ambazo bei yake mnaifahamu na ambazo hupewi kabla ya kupimwa kifua kikuu.

Jambo moja limenikera. Duka moja la dawa lilimwandikia mwanachama wetu "1x1" kwenye bahasha ya methotreksati, yaani kila siku. Methotreksati ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Ya kila siku inaweza kuua. Binti yake ndiye aliyeshtuka. Naomba kila mmoja aandike siku yake kwa kalamu juu ya bahasha, asimwachie muuzaji.

Yule wa mwezi wa tatu amerudi kliniki na leo yupo hapa. Chai ya mkutano huu ameimimina yeye. Namkaribisha mhazini.