Vitufe vya usukani: anza na vichache

Simu ya namna hii tunaizoea: mteja kanunua Logitech G29, usukani wa kuchezea gemu, kafungua Assetto Corsa Competizione, gemu ya mbio za magari, kwenye kompyuta, na kila akibonyeza kitufe cha taa, taa zinawaka na kamera nayo inahama. Anaamini kauziwa usukani mbovu.

Usukani ni mzima, ila kitufe kimoja kinatoa amri mbili. G HUB, programu ya Logitech, inaweza kukifanya kitufe cha usukani kifanye kazi ya herufi ya kibodi. Ukishakipa kazi huko, halafu ukakipa nyingine ndani ya gemu, zote zinatekelezwa kwa pamoja. Kwa hiyo G HUB tuiachie mambo ya mzunguko wa usukani tu (G29 inafika digrii 900), vitufe tuvipange ndani ya gemu. Vituko vikiendelea, zima Steam Input (sehemu ya Steam, duka la gemu, inayoweza kubadili kazi za vitufe) kwa gemu hiyo. Na kabla ya yote, tazama ile swichi ndogo ya PS3 na PS4 iliyo kwenye usukani: kwenye kompyuta sisi huiweka PS3.

Sasa, nini kikae wapi? Wengi hutaka kujaza vitufe vyote siku ya kwanza, kisha kwenye kona wanatafuta kwa macho. Anza na kizuia mwendo cha piti, yaani njia ya pembeni gari linapoingia kuhudumiwa. Humo mwisho ni kilomita 50 kwa saa, ukizidisha unaadhibiwa. Kiweke kidole gumba kinapofika bila kuachia usukani, lakini mbali na pale kiganja kinapogusa unapokata kona kali. Ukikibonyeza kwa bahati mbaya kwenye mnyoosho, wa nyuma atakugonga.

Kile kirungu chekundu cha kuzungusha, wengi hawakigusi kabisa, na kwetu ndicho kitamu kuliko vyote. Kipe mgawanyo wa breki, yaani nguvu ya breki kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma: kwenye ukurasa wa vidhibiti chagua kupeleka mbele, kizungushe kulia mpaka kilie mara moja, chagua kurudisha nyuma, kizungushe kushoto mara moja vilevile. Vitufe vya + na − vipe TC (kinachozuia magurudumu kuteleza ukikanyaga mafuta), mvua ikianza unaongeza bila kutoa macho barabarani. Wipa na kamera zibaki kwenye kibodi kwanza.

Ukimaliza, hifadhi mpangilio kwa jina lako.

Aliyenunua usukani kwetu tunampangia bure. Ukiununua kwingine, ulete pamoja na laptopu, waya wa umeme na pedali zake. Bila pedali hatuwezi kuujaribu.