Asante, fundi uliyesimama kando ya barabara

Jina hukuacha, kwa hiyo nashukuru hapa. Simu ilikuwa ikicheza kwenye usukani wa pikipiki hadi ramani haisomeki, na kamera imeanza kutoa picha zenye ukungu. Mwingine angekaza skrubu tu akaondoka. Wewe ulifungua holda yote ya simu, ukazungushia bomba la usukani kipande cha tyubu kuukuu, ukakaza nati mbili kwa zamu, robo mzunguko kila moja, klampu (kibano cha holda) isikae upogo. Chini yake ukaweka kizuia mtetemo chenye mipira minne, kwa sababu mtetemo wa injini unaweza kuharibu lenzi za kamera za simu zinazojituliza zenyewe (Apple walishaonya hivyo mwaka 2021). Waya wa chaji ulikuwa umeungwa moja kwa moja kwenye betri, ungeendelea kuinyonya hata pikipiki ikizimwa. Ukauhamishia kwenye waya unaopata umeme swichi ikiwashwa tu, na fyuzi ya ampea 2. Kisha ukakata usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho. Mafundi wenzangu, hatua hiyo msiiruke: kulia waya ulivutika. Ukaulegeza, ukafunga upya. Malipo ukakataa.