Mdogo wangu, viatu vyako viko chumbani kwa Mama

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa, na walimwengu wasome.

Siku ya hitima ya Mama ulifika hapa Ngamiani, Tanga, saa nne asubuhi ukasema jioni unarudi Dar, tageti ya mwezi haijafika. Mchango ulisema huna, mshahara umeliwa na mikopo ya simu. Nikanyamaza, nikakopa mchele dukani. Watu wako kwenye busati wanasoma, chetezo kinafuka, mara bodaboda akasimama barazani na boksi lako. Uliagiza liletwe Tanga ili mumeo asilione! Ukaingia nalo chumbani kwa Mama, ukavaa vile viatu, ukajitazama kwenye kioo chake. Ukaniambia, “Dada niache, nami najitunza.” Nikakujibu kwa sauti, mashangazi wote wakasikia. Nilichosema unakijua.

Najuta kukisema pale. Chenyewe sikijutii.

Kila bosi akikugombeza, usiku unaagiza kitu. Roho inatulia kidogo. Mzigo ukifika imeshachafuka tena, na deni liko palepale. Lile gauni la Idi ulidunduliza miezi, ukalivaa, ukatuonyesha sote, ukapendeza mpaka nikakupigia vigelegele. Kule kulikuwa kujitunza, na raha ile sikunyimi. Kinachonitisha ni vile vya saa saba za usiku, unavyovificha, vingine vina lebo hadi leo.

Umechoka, mpenzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka na mshahara wako juu, nawe mwaka wa tatu huu hujaigusa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu wa namna hii hutokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa. Kiatu kitaushughulikia vipi? Ulipokuwa mdogo tulikupeleka ufukweni Raskazone, ukaogelea, ukalala fofofo mpaka alfajiri.

Mimi pia nina zamu za usiku wodini. Nikitoka huko, aliyekuwa akimgeuza Mama kitandani ni nani? Wewe ulituma shuka mpya. Haya, naliacha. Pengine ndilo lililonikalia kooni siku ile, viatu nikavisingizia.

Viko chini ya kitanda cha Mama, nimevipangusa vumbi. Omba likizo uje uvichukue. Chumba nimeshakifagia.

Dada yako