Peni 40

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, ni joto tu, na najua utaniambia nisikufuru maana nyinyi huko Leicester mko ndani ya makoti. Mama anakusalimu, anauliza kama bado unaishi kwa mkate wa dukani.

Sasa nikupe yaliyonikuta. Unaikumbuka ile tamthilia ya upelelezi tuliyokuwa tukiitazama chumbani kwako? Kabla sijaondoka niliinunua sizoni yote mtandaoni, episodi nane, pauni 13, nikajisemea nitaimalizia nyumbani na mama. Nimefika, nikanunua bando, nikaunganisha simu na tivii, mama kakaa na kahawa yake, nikabonyeza episodi ya nne. "Haipatikani katika nchi uliyopo." Mama akauliza, "Si ulisema umeinunua?"

Mambo ya haki za kuonyesha tamthilia nayaelewa. Huuzwa nchi kwa nchi, na aliyeuziwa Uingereza hakuuziwa Tanzania. Lakini kitufe kiliandikwa "Nunua", hakikuandikwa "Nunua, ila usivuke bahari". California wameshatunga sheria, imeanza Januari 2025: muuzaji akitumia neno hilo lazima amweleze mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni. Mimi hiyo leseni nimeikuta kwenye yale masharti niliyoyakubali bila kuyasoma, kama wewe tu, usijifanye.

Basi nikawaandikia huduma kwa wateja. Kwanza roboti, pole zake haziishi. Nikaomba mtu. Akaja mtu, akataka risiti, nikatuma. Siku tatu kimya, kisha akaja mwingine, akataka risiti ileile. Wa tatu akanishauri nibadilishe nchi ya akaunti. Ikakataa, kisa nina salio: peni 40. Nizitumie kwanza. Shoga, niambie, dukani kwao kuna kitu gani cha peni 40? Nikauliza, wakasema niongeze pesa nifikie bei ya kitu. Kwa kadi gani, na ile ya huko nimeshaifunga? Nilicheka peke yangu mpaka mama akaja kuchungulia.

Wiki mbili baadaye, wa tano au wa sita akazifuta zile peni. Nchi ikawa Tanzania. Nafungua maktaba yangu, tupu! Hata zile episodi tatu tulizotazama pamoja hazimo. Nikaandika tena, na jibu likaja upesi kuliko yote: ningependa kuwapa nyota ngapi kwa huduma niliyopata.

Pauni 13 zinauma, sikatai. Ila ingekuwa duka la hapa mtaani ningekwenda kusimama kaunta. Mwenye duka angeninunia, pengine hata kunitolea maneno, lakini kesho yake angejua ni yule yule wa jana amerudi. Hawa kila siku wananiuliza jina.

Mama yeye hakusubiri. Juzi alimtuma mpwa wangu na flashi kwenye kibanda cha muvi, karudi na sizoni nzima kwa buku mbili, tena imetafsiriwa. Yule mpelelezi anaongea kama dalali wa Kariakoo. Nikamwambia mama huo ni wizi, waliofanya kazi hawapati hata senti. Akanijibu, "Na wewe uliyewalipa, unatazama nini?" Nikakosa la kusema. Nimegoma kukaa naye sebuleni, lakini kuta za nyumba yetu unazijua, na mama akitazama tivii huongea nayo. Aliyeua nimeshamjua tangu jana usiku.

Leo asubuhi wameniomba risiti tena. Naituma, ni mara ya nne sasa.

Kama hujafika mwisho wa ile sizoni, usinipigie simu kwanza, sitaweza kujizuia.

Wasalaam,
Shoga yako wa Tanga