Uchovu wa akili kwa wagonjwa wa MS upimwe vizuri

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Dada yangu anaumwa multipo sklerosisi (MS), ule ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia ganda la neva za ubongo na uti wa mgongo, na kinachomtesa zaidi siyo miguu ni akili kuchoka, asubuhi anapiga hesabu za duka fresh tu ila ikifika saa nane anasoma risiti moja mara tatu haiingii. Kliniki walimpa kile kipimo cha kuoanisha alama na namba, sekunde 90 basi, wakasema yuko poa. Jamani sekunde 90 zitaonyesha uchovu gani? Kuna kipimo kingine kinaitwa PASAT, unasikia namba kila baada ya sekunde 3 unajumlisha na iliyotangulia, ukilinganisha majibu ya mwanzo na ya mwishoni ndo unaona mtu anavyoshuka. Na dodoso la MFIS, lile mgonjwa anajaza mwenyewe kuhusu uchovu wake, lina maswali 21, ya akili yamo. Anachosema mgonjwa na anachoonyesha kwenye kipimo mara nyingi haviendani, na hiyo haimaanishi anadanganya. Madaktari wetu pimeni vyote viwili, na mchana pia, siyo asubuhi tu.

Msomaji wenu, Dar es Salaam