Maafisa vijana wa manowari nao waandikwe

Mhariri,

Kila makala ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia huwa ni ya majenerali. Mimi niliyekesha zamu nyingi katika meli za mizigo huwafikiria zaidi maafisa vijana wa Uingereza waliolinda misafara ya meli za mizigo katika bahari ya Atlantiki. Kijana wa miaka ishirini na ushei alishika zamu ya saa 6 usiku hadi saa 10 alfajiri, meli zote zimezima taa, nyambizi za Ujerumani zikivizia, naye akitakiwa asiigonge meli ambayo haioni vizuri.

Mchana alisoma barua za mabaharia, wengine wenye umri wa baba yake, akifuta lolote lililotaja bandari au safari, adui asije akajua. Hebu fikiria kusoma maneno ya mtu kwa mkewe, kisha umpe amri! Kazi hiyo naiona ngumu kuliko mawimbi.

Manowari Hood ya Uingereza ilipozamishwa tarehe 24 Mei 1941, walikufa zaidi ya watu 1,400. Walinusurika 3 tu, mmoja wao William Dundas, afisa mwanafunzi. Naomba gazeti lako lituletee habari za vijana kama huyu.

Baharia mstaafu